Taratibu Kwenye Kola

Fundi cherehani wa chini ya ngazi zetu huzungumza na mota yake. Haibembelezi wala haigombezi, anaiambia tu, pini tatu zikiwa mdomoni, "Taratibu, mzee, tunaingia kwenye kola." Mota, ambayo binti yake aliifunga kwenye cherehani mwaka jana ili mama apumzike, haina habari. Haipunguzi mwendo mpaka mguu uinuke kwenye pedeli, na mguu wa fundi huchelewa kila mara, kwa hiyo kola zake siku hizi huwa na mishono miwili iliyopitiliza. Huifumua kwa wembe bila kununa, kisha huiambia mota tena. Zamani mashine hiyo ilikuwa ya mkono: marehemu mumewe alizungusha gurudumu, yeye akaongoza kitambaa kwa mikono yote miwili, nao waligombana kutwa nzima bila sindano kusimama.

Jana mchana umeme ulikatika shati langu likiwa chini ya sindano, na saa nane nilikuwa na usaili wa kazi. Fundi akatoa ule mkono wa chuma wa kuzungushia kwenye droo, unang'aa kwa mafuta ya juzijuzi, akaufunga kwenye gurudumu, akanitazama.

"Zungusha, mwanangu."

Nikazungusha kwa bidii zote. Tulipofika kwenye kola akasema, "Taratibu, mzee," nami nikageuka kuangalia nani kaingia, mkono bado ukizungusha.

"Unazungusha vizuri," akasema, akichukua wembe. "Kama umeme."