Nani Anabisha kwenye Akaunti ya Mama Makochi?

Mama Makochi alirithi kazi ya kukarabati makochi kwa mjomba wake, na akiwa anakaza kitambaa hushikilia misumari midogo kwa midomo, kwa hiyo ukimsalimia usitegemee jibu. Atakuinulia nyusi tu. Kochi likimfikia limebonyea katikati, linatoka limenyooka mgongo, naye hulipiga picha mlangoni na kuiweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Alikuwa na miaka minne ya picha. Wateja wengi hata sura yake hawakuijua, wanajua makochi.

Jumatatu moja saa nne asubuhi, akiwa anang'oa springi, simu ikatoa mlio. Mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, ujumbe ulisema. Kama si wewe, usimpe yeyote namba hizi. Chini zilikuwepo namba sita. Akaona ni mambo ya kampuni ya simu, akaifunika simu kwa kipande cha sponji. Jumanne, saa nne ileile, zikaja nyingine. Jumatano zikaja mara tatu mfululizo, kama mgeni aliyeanza kukasirika mlangoni.

Sasa akaweka kazi chini. Miaka minne ya makochi iende hivihivi? Mshukiwa alikuwa mmoja tu: fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, Bwana Sponji, ambaye wiki iliyopita alimuuliza kwa sauti tamu mno wateja anawatoa wapi. Mama Makochi akavuka barabara, kasahau kwamba mkononi ana mkasi mrefu wa kukatia turubai.

"Wewe! Unatafuta nini kwenye akaunti yangu?"

Bwana Sponji alirudi nyuma, akakalia kochi lililotolewa matumbo, akazama mpaka magoti yakafika kifuani. "Dada yangu, weka hicho chuma chini kwanza. Akaunti gani?" Akachomoa simu mfukoni. Ilikuwa ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. "Hii hata saa haijui. Nikitaka saa si huwa nakuuliza wewe?"

Mama Makochi akamvuta mkono kumtoa shimoni, akamwomba radhi, akarudi kwake bila kutazama kulia wala kushoto.

Mchana alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, anayetengeneza simu mtaa wa tatu. Wifi alimsikiliza huku akipuliza vumbi kwenye tundu la chaji.

"Namba zikija, maana yake huyo mtu ameshapatia neno la siri. Amekwama kwenye mlango wa pili, ule niliokuwekea mwaka jana ukanuna kwamba nakusumbua. Neno lako ni lipi?"

"Si umesema ni la siri?"

"Haya, baki nalo. Ni Kibonge, na mwaka mliooana."

Mama Makochi akashika kifua. "Umejuaje?"

"Wifi, tangu uolewe kaka yangu una jina jingine unalomwita?"

Wakalibadilisha palepale. "Tafuta maneno manne yasiyojuana," wifi alisema, kisha akageukia ukutani kwa adabu mpaka mwenzake alipomaliza kuandika. "Na zile namba sita, hata mimi nikikuomba, nitukane."

Alhamisi saa nne, ujumbe mpya: neno la siri limekosewa mara tano, mlango umefungwa kwa nusu saa. Mama Makochi alikuwa bado anausoma simu ilipoita. Mama mkwe. Akatema misumari kiganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mama! Kwani kuna nini?"

"Siku ya nne leo nakuja kwako nafungiwa nje. Wifi yako kaninunulia simu, kaniambia makochi yako yote yamo humu. Nafika, pameandikwa Ingia. Mtu akikaribishwa hivyo atasimama nje? Wananiuliza jina, naandika lako, maana ndiko niendako. Wananiuliza neno la siri, nikasema siri ya nyumba ile ni nani kama si Kibonge wangu? Nikaongeza na mwaka wa harusi, wakataka tena namba sita nisizonazo. Leo hata Kibonge wamemkataa!"

Mama Makochi aliimwaga misumari yote sakafuni ili acheke vizuri. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hakuna aliyekufungia. Huo mlango ni wa mwenye duka. Wageni wana wao."

Lakini simu ilipokatwa, kicheko kilimwisha. Mama wa watu, mwenye simu ya wiki moja, alipatia mara ya kwanza. Je, angekuwa mwizi anayeijua kazi yake? Jioni ileile akabadilisha na neno la siri la barua pepe, maana nalo lilikuwa Kibonge.

Jumamosi alikwenda kumfungulia mama mkwe akaunti yake mwenyewe. Walipofika kwenye neno la siri, bibi akajifunika mtandio yeye na simu yake, akaandika humo gizani, akakataa katakata kumwonyesha mkwewe.

Siku hizi bibi hupita ukurasani kila asubuhi, na hapiti kimyakimya. Chini ya kochi moja la kijani aliandika: "Mguu wa kushoto umepinda." Mwenye kochi akasoma, akapiga simu.

"Fundi, huyu mama ni nani?"

"Mkwe wangu. Msamehe tu, ni mtu mzima."

"Nimsamehe nini? Nimepima, kweli umepinda. Unakuja lini?"