Vumbi la Shabani

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile niliyokaa kwenye benchi la fundi pale Kibiti, nimekumbatia mashine ya kufyonza vumbi kama mtu anayeogopa kuporwa. Usinicheke bado. Sikuwa msichana, nilikuwa na wajukuu. Ila pembeni yangu alikaa shangazi yangu, Bi Kidawa, na mbele ya shangazi yako wewe ni mtoto tu, hata kichwa kizima kikiwa na mvi.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kushika mkononi, haina waya. Unaichaji kama simu. Aliniletea mwanangu Shabani, aliyekuwa dereva wa gari la abiria. Mimi nina pumu. Nikishika fagio, vumbi la kwetu Mtunda linanikaba. Basi kila Ijumaa akitoka msikitini alivua kofia, akapiga magoti, akapitisha mashine kwenye mkeka na godoro langu huku akinitania eti siku hizi mama yake kawa mzungu. Nilikuwa namfukuza kwa maneno, lakini moyoni nafurahi.

Kisha homa ikamchukua. Nalisema kwa kifupi kwa sababu kwa kirefu bado siwezi.

Kwetu nyumba ya msiba haifagiliwi mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo wanawake wanafagia vyumba vyote, taka zinamwagwa, na waliokuja kulala nasi wanarudi makwao. Tulifanya hivyo. Walifagia hadi uvunguni. Lakini kabla hawajafika chumbani kwangu, nilikwisha kuifunga mashine kwenye kanga na kuisukumia ndani ya sanduku, na vumbi lake tumboni. Nilijiambia kwamba humo mna Shabani. Labda mna unywele wake, labda mchanga wa viatu vyake. Sikumwambia mtu.

Masika yakapita, na vuli ikapita. Nikarudia fagio, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Bi Kidawa alipokuja kunitembelea kutoka visiwani kwao, akanisikia ninavyohema, akauliza iko wapi mashine ya Shabani. Nikasema imeharibika. Tulipoitoa, kweli ilikuwa kimya. Akasema kesho yake twende Kibiti kwa fundi, na wanaomjua Bi Kidawa wanajua mjadala uliishia hapo.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, anatengeneza redio na feni. Kabla hajaigusa, nilichomoa kile kikombe cha mbele kinachopokea vumbi, nikabaki nacho. Yeye akafungua skrubu moja moja, akazikusanya kwenye kizibo cha soda, akaitenganisha plastiki vipande viwili. Ndani mlikuwa na mota, panka lake dogo, na betri. Akaipima betri, akatikisa kichwa.

"Mama, mota nzima. Betri ndiyo imekufa. Imekaa muda mrefu bila kuchajiwa, siyo?"

Niliangalia barabarani kama sikusikia. Akatia betri nyingine, akaunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, akabonyeza swichi. Mwanangu, ule mlio! Ulikuwa mlio wa Ijumaa. Nililia pale mbele ya wapita njia wala sikuona haya.

"Inalia, ila haitavuta vizuri," fundi akasema. "Kichujio kimeziba. Nipe na hicho kikombe, nimwage vumbi."

Nikakifunika kwa upindo wa kanga. "Hiki hakimwagwi."

Fundi akamtazama Bi Kidawa. Bi Kidawa akashusha sauti, na yeye akishusha sauti ndipo pa kuogopa.

"Zuhura, siku ile tulianua tanga la nani?"

"La Shabani, shangazi."

"Tulianua sisi. Wewe hukuanua. Umeuweka msiba sandukuni. Mtoto kakuletea kitu upumue, wewe umekigeuza kaburi. Mwanao tumemzika, tumemsomea, na kaburi lake unalijua. Humu hayumo."

Maneno yale yalinichoma. Nikakifungua kikombe mapajani kwa hasira, nimwonyeshe kwamba yumo. Nikachambua kwa kidole. Nikaona mchanga, maganda membamba ya korosho, nyuzi za ukili wa mkeka. Nikatafuta unywele mweusi, hata mmoja. Nywele zilikuwamo, tena nyingi, na zote zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zangu. Muda wote ule nilikuwa nimefungia mvi zangu mwenyewe, zile alizokuwa akiziokota mwanangu kwenye godoro ili mimi nilale vizuri.

Bi Kidawa hakunicheka. Alinifuta uso kwa kanga yake kama alivyonifuta nilipokuwa mdogo, akaniambia twende nyumbani tukafagie. Vumbi nililimwaga kwa mkono wangu, pale zilipomwagwa taka za tanga. Kichujio fundi alikuwa amekwisha kukisafisha kabla hatujaondoka kwake. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikawasha. Kwa mara ya kwanza nilielewa Shabani alikuwa anaumia magoti kiasi gani, na hakuwahi kulalamika.

Naye Bi Kidawa sasa katangulia. Ndiyo maana maneno haya nayasema mimi. Mwanangu, ukifiwa, lia, na anayekukataza kulia usimsikilize. Lakini siku ya kufagia ikifika, fagia nyumba nzima, usijifichie kona. Na kitu alichokuletea umpendaye usikifungie kwa sababu yeye hayupo. Kitumie kwa kazi aliyokuletea, kichakae mkononi mwako. Mimi mashine yangu imekwaruzika kila mahali, na kila Ijumaa bado nalia kidogo, halafu nalala na kifua chepesi.

Mola akupe pumzi nzuri, wewe na wako wote. Na siku itakayokulazimu kulia, akuwekee mtu pembeni mwenye kanga ya kukufuta uso. Amina.