Neno la Nyumba

Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini Malindi. Siku moja alikuja mjane wa kijiji cha Ganda kuuza shamba lake. Mnunuzi alikuwa bwana mtanashati aliyemwamkia shikamoo kwa kuinama. Akamwahidi mbele yangu, "Shamba nalichukua, mama, lakini nyumbani kwako utakaa mpaka Mungu akuchukue."

Nikaupiga chapa mkataba kama wakili alivyoniagiza. Ahadi ile hakuitaja, nami sikuiulizia. Kifungu cha mwisho kilisema kwamba makubaliano yote ni yale yaliyoandikwa humo, mengine hayahesabiki.

Mama yule hakujua kusoma. Kabla ya kutia kidole gumba aliniuliza, "Mwanangu, lile neno la nyumba limo?"

Ilikuwa saa saba, nina njaa, na wakili amekwenda kuswali.

"Limo, mama," nikamjibu.

Mwaka uliofuata mnunuzi alimtaka ahame. Alipokataa, wakili wetu alimshtaki kwa niaba ya mnunuzi. Mama hakuwa na wakili. Shahidi wake alikuwa mimi peke yangu. Siku moja kabla ya kesi, bosi wangu aliniita.

"Maneno ya mdomo hayabadilishi mkataba ulioandikwa," alisema. "Korti haitayasikiliza, ila pakiwa na mtu aliyemdanganya mama alipotia kidole. Yupo?"

"Hayupo," nikasema. Alinitazama kidogo, akarudia faili zake.

Kortini mama alisimama na leso zake mbili. "Mwanangu, waeleze huyu bwana alivyoniahidi."

Wakili akapinga. Hakimu akamwambia taratibu, "Mama, ahadi ya mdomo haiingii hapa. Muulize jingine."

Akafikiri. "Nilikuuliza kama neno la nyumba limo. Ulinijibu nini?"

Wakili alinyanyuka tena, lakini hakimu akamkalisha. "Hilo atalijibu."

"Sikumbuki," nikasema.

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki, mama."

Akaketi.

Siku ya hukumu, mnunuzi alimshika mkono kushuka ngazi za korti. "Ni kweli nilikuahidi," alimwambia, "lakini ungehakikisha imeandikwa." Nyumba ikavunjwa wiki ile ile, mama akahamia chumba cha binti yake, mtaa wa Kisumu Ndogo hapa mjini.

Mimi bado niko ofisi ile. Wateja wasiojua kusoma huletwa kwenye meza yangu. Wakili husema nina subira ya kuwaelewesha.