Leo nimeikosea Alhamdu mbele ya mwanangu

Jamani, leo Alhamdu imenipotea mdomoni!

Tumetoka kijijini Utende alfajiri kuja hospitali, Rukia wangu wa miaka sita afanyiwe upasuaji wa ngiri.

Kufika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kaning'ang'ania kanga, analia.

Nesi akaniambia, "Mama, vaa gauni hili, uingie naye mpaka asinzie."

Nikamshika mkono, nikaanza kumsomea. Katikati nikakwama, nikaruka aya. Sura ninayoisoma kila siku!

Rukia akanyamaza, akanitazama. "Mama, umeruka."

Akasoma yeye. Nikamfuatisha kama mwanafunzi, mpaka dawa ikamshika.

Huko nje sikukaa, sikusimama.

Alhamdulillah, kaamka sasa hivi. Analilia uji, nesi kasema bado kidogo.

Wenzangu mliopitia haya, mlijikazaje?