Kipimo cha Mwamini

Ilyasi ni fundi cherehani, na mimi ni jirani yake wa biashara hapa Batsinda, Kigali. Ninauza vifungo, nyuzi na zipu ndani ya duka. Yeye anashona barazani, mlangoni kwangu, kwa hiyo mteja wake hana budi kuliona duka langu, jambo ambalo silikatai. Tumekaa hivyo miaka kumi na miwili. Mitatu ya mwisho nilikuwa nimemkasirikia, na sababu ilikuwa imekunjwa kabatini mwake: kitambaa cha kijani chenye maua madogo meupe, mita nne, ambacho hakuwahi kukitia mkasi.

Kitambaa kilikuwa cha mkewe, Mwamini, aliyekinunua ashonewe gauni la Idi. Mwamini alikuwa akiuza sambusa, ndoo kaitundika mkono wa kulia, na akimaliza mzunguko wake alikuja kwenye stuli yangu kupumzisha miguu. Kutoka hapo alimchokoza mumewe: "Ningekuwa muteja ungekuwa umeshanishonea." Ilyasi alimjibu bila kuinua kichwa, "Kesho, mama. Acha nimalize za watu." Idi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kabla ya ya tatu Mwamini aliugua wiki mbili tu, akafariki. Nguo zake zote Ilyasi alizitoa sadaka, lakini kitambaa kilibaki, maana kilikuwa hakijawa nguo.

Sikumwambia neno. Mtu aliyefiwa humpigii kelele. Ila kila nilipomwona akipiga pasi gauni la mke wa mtu mwingine, moyo ulinichemka.

Mwaka jana chumba cha nyuma alihamia binti mmoja aitwaye Kellen, aliyekulia Uganda, ambaye kazi yake ni kutengeneza gemu. Nikamwambia hapa kwetu hatutaki milio ya risasi. Akanicheka, akanionyesha. Gemu lake halina risasi wala mshindi. Wasanii wa nchi mbalimbali wamegawana mji mmoja ulioko mtandaoni, kila mmoja kapewa mtaa autengeneze atakavyo, na watu popote walipo duniani wanaingia humo kutembea na kutazama, basi. Kellen alikuwa akijenga kichochoro cha Kigali. Ngazi, mabati, maua ya ukutani, na udongo mwekundu ambao ungedhani utakuchafua viatu. Mbele ya wageni alitaka apite mwanamke wa kuwaongoza njia, na hapo ndipo palipomshinda. Gauni la yule mwanamke lilimganda kama mfuko wa plastiki, kitu ambacho nchi hii ilishakipiga marufuku.

Nilimpeleka kwa Ilyasi. Fundi akavua futi shingoni, akampima mwanamke pale pale kwenye kioo cha kompyuta, akafikiri, akainua miwani.

"Huyu mutu iko mugonjwa," alisema. "Kiuno kinaingia mara tatu ndani ya muguu. Chakula anaweka wapi?"

"Ni mwili wa kununua, muzee. Gemu mingi zinatumia huo huo."

"Basi gauni haina kosa. Mutu ndiye hayuko."

Kellen akamweleza kwamba ndani ya kompyuta nguo hukatwa vipande kama zake, kifua, mgongo, mikono, kisha unaiambia ukingo upi uungane na upi. Ilyasi alilipenda hilo. Akakubali kumkatia vipande vya karatasi apige picha na kuvinakili, ila kwa sharti moja: apewe mtu wa kweli wa kumshonea. Kellen akanyoosha kidole kwenye daftari la fundi, lenye vipimo vya wanawake aliowashonea kwa miaka thelathini.

"Nipe mumoja tu, muzee. Bila jina."

Ilyasi alilichukua daftari akalikalia. Sisemi kwa mfano, alilikalia. "Oya, hapana. Kipimo cha mutu ni siri yake. Hata bwana yake akiniuliza, simwambii."

Zilikuwa zimebaki siku kumi milango ya mji ule ifunguliwe. Kellen alikuwa karibu kulia, na mimi neno likanitoka.

"Mpe cha Mwamini," nikasema. "Siri yake ni yako. Na kitambaa chake unacho."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Akaifunika cherehani, saa sita mchana, akaenda zake. Siku mbili nilipata salamu tu, ya neno moja, na nikajuta. Si sana, lakini nilijuta.

Siku ya tatu aliingia dukani na daftari, akalifungua juu ya kaunta yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Arnaud, nimetafuta siku mbili. Hayumo."

"Hayumo nani?"

"Wanawake wa Biryogo yote, kule nilikoshona zamani, wamo humu, na wa huku wamo. Mwamini hayumo. Sikumupima hata siku moja."

Hasira niliyomwekea miaka mitatu ikaniisha pale pale. Nilimwona mzee aliyefungua daftari la maisha yake yote akamkosa mtu wa nyumbani kwake. Na gauni la zamani la kupima halikuwepo, maana yote alikuwa ameyatoa mwenyewe. Kellen, aliyekuwa amesimama mlangoni na kompyuta kifuani, akasema taratibu kwamba aache tu, atatafuta njia nyingine.

"Ngoja," alisema Ilyasi.

Akanipa futi. Akasimama katikati ya duka, akafumba macho, akanyoosha mikono mbele, kisha akaikunja polepole kama mtu anayemkumbatia mwenzake, hadi vidole vikagusana. Akainamisha kichwa kidogo.

"Pima," akasema. "Hapa ndani."

Nimeuza futi maisha yangu yote, sikuwahi kupima hewa. Nilizungusha ile futi ndani ya mikono yake na kuirudisha kifuani kwake. Mia moja na mbili.

"Ongeza nne. Alipenda nguo ya kupumulia."

Akashusha mikono, nikapima kiuno, kisha nyonga. Akaweka kiganja chini ya kidevu chake: kilemba cha Mwamini kiliishia hapa. Nikapima kutoka sakafuni. Mwisho akaweka viganja viwili juu ya mabega nisiyoyaona, na kimoja kikakaa chini kuliko kingine.

"Bega la kuume liko chini. Ile ndoo."

Sentimita mbili. Nilimsomea Kellen namba nikilia, na sioni sababu ya kuficha.

Kazi ikaanza. Karatasi zilijaa barazani, na wateja wakaambiwa wangoje. Kompyuta ilikuwa na tabia ya kumkunja mtu katikati na kumfanya kulia na kushoto sawasawa, na Ilyasi alimrudisha Kellen mara nne mpaka lile bega likashuka. Kitambaa kilipigwa picha juani. Kuhusu uso alikataa kabisa. "Uso, oya. Uso si wa watu. Atembee mbele, wageni wamufuate."

Jumamosi mchana tulikusanyika sote watatu kwenye kaunta yangu. Wageni wakaanza kuingia kichochoroni, vijitu vya kila rangi, na kila kimoja, alisema Kellen, kina mtu wake mahali fulani duniani. Mlango wa kijani ukafunguka, akatoka mwanamke kwa mgongo, gauni la kijani lenye maua madogo meupe, ndoo mkono wa kulia. Akashika njia. Pindo lilimfuata miguu, likaachia, likamfuata tena. Nilimjua kabla hajafika ngazini. Nusura nimwite aje kwenye stuli yake.

Mgeni mmoja akakimbia apate kumtazama usoni, lakini mwanamke alikuwa ameshakata kona.

"Pindo ya nyuma imepanda kidogo," alisema Ilyasi. Akasogea karibu na kioo. "Lakini imemukaa."

Jumatatu aliwahi kuliko mimi. Nilimkuta amekitandaza kile kitambaa juu ya meza, zile karatasi zimepangwa juu yake, mkasi mkononi. Mteja wa kwanza alikuja kuulizia sketi yake akaambiwa kesho. Wa pili akaambiwa kesho. Hadi alasiri gauni lilikuwa limekwisha, na pindo la nyuma amelishusha.

Sasa limetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Ni zuri, na hapapiti wiki bila mwanamke kulishika na kuuliza kama linauzwa, au kama anaweza hata kulijaribu tu. Ilyasi hainui kichwa.

"Iko na mwenyewe," anasema, na kuendelea kushona.