Taa ya chumbani kwa mama mkwe

Leo nusura niaibike ukweni kwa sababu ya swichi!

Nipo Mlalo kwa mama mkwe. Swichi yake ya vitufe vitatu ilikuwa inatoa cheche, nikajitapa kwamba naiweza. Nikazima umeme, nikafunga mpya, nikawasha.

Sebule ikawaka. Jiko likawaka.

Kilibaki chumba chake, na huko siingii hata kwa dawa. Mkwe ni mkwe. Nikasimama koridoni:

"Mama, imewaka?"

"Bado, baba."

Nikazima, nikakaza waya upya.

"Sasa?"

"Bado, baba."

Mara ya tatu jasho likanitoka, na baridi yote hii!

Mke wangu akaingia kuangalia. Nikamsikia anacheka.

"Mama, mbona hakuna balbu?"

Mama mkwe akamnong'oneza, lakini nilisikia: "Niliihamishia sebuleni jana mlipofika. Nikisema, mkwe ataitoa anirudishie, akae gizani yeye."

Jamani, kuna watu wana wakwe kama huyu?

Nimekimbia dukani, nimemtuma mke wangu akafunge balbu mpya. Nikarudi koridoni kwangu.

"Mama, imewaka?"

"Imewaka, baba."