Seva iligandishwa na mwingine, barua ya onyo nikapewa mimi

Admin, nifiche kabisa, hata mkoa nilikozaliwa usiutaje, maana ofisini kwetu ukurasa huu unasomwa kuliko matangazo ya ubaoni. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, nimepanga chumba Pugu, sina mume wala mtoto. Ni mtu wa IT, peke yangu, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Temeke. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnisamehe.

Kazi hii niliipata kupitia baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Yeye ndiye meneja wetu. Aliponileta Dar nilikaa kwake Madale miaka miwili, na sitakana, nilikula kwake na nililala kwake. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Miezi miwili iliyopita mkurugenzi aliamuru kila mtu abadilishe neno la siri la barua pepe. Tukabadilisha. Kesho yake asubuhi balaa likaanza. Mtu anaingiza neno lake la siri, anabonyeza, ukurasa unaganda. Haumkatai, haumkubali, unazunguka tu hadi chai inapoa. Ofisi nzima inapaza sauti, "IT! Imeganda tena!" Nakimbilia chumba cha seva, nazima, nawasha, inakaa sawa saa moja, inaganda tena. Nilibadili waya, nikaongeza memori, nikawapigia waliotuuzia. Wapi! Kaka mmoja wa kitengo cha nyaraka akawa ananiambia mbele ya wateja, "Sista, si urudi tu shule?" Wanacheka, nami nacheka nao huku moyo unachemka.

Halafu nyaraka za kontena moja zikakwama humohumo kwenye barua pepe, mteja akakasirika, akahamia kwa wengine. Wiki hiyohiyo nikapewa barua ya onyo kwa uzembe. Aliyetia saini ni baba mdogo. Alinikabidhi bila hata kuniangalia usoni.

Nikasema liwalo na liwe. Siku tatu nilisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, nani kaingia, nani kakataliwa. Jina moja likawa linajirudia kutoka juu hadi chini, la baba mdogo! Simu nne zilikuwa zinajaribu kuingia kwa neno lake la siri la zamani. Zinakataliwa, zinarudi, zinakataliwa, zinarudi. Ni kama wageni wanne wanaopiga hodi mfululizo kwenye geti lenye mlinzi mmoja, wenye nyumba wanabaki nje. Na seva yenyewe kuukuu, ingeweza wapi?

Simu hizo ni mali ya kampuni. Kwetu ukipata simu mpya, ya zamani huiuzi, unamshushia ndugu. Baba mdogo kila akipewa mpya na ofisi, ya zamani anaigawa, barua pepe ya kazi ikiwa imo. Na mkurugenzi alishatangaza kwamba simu ya kampuni ikitoka nje bila kurudishwa na kufutwa, aliyeitoa hana kazi.

Alhamisi nikazizuia zote nne. Tangu hapo seva haijaganda hata mara moja. Nikaenda kwa baba mdogo na karatasi zangu, nikamwamkia, nikamwonyesha. Akainuka akafunga mlango.

"Mwanangu, nilihisi tangu wiki ya kwanza."

"Ulijua, baba mdogo? Na barua ya onyo ukasaini?"

"Ningefanyaje? Mie nina watoto wanasoma. We bado kijana, ukitolewa hapa utapata pengine. Kwenye ripoti andika ulisahau kuifanyia seva matengenezo. Nisitiri, kama nilivyokusitiri."

Jamani! Kugawa simu bila kuzifuta ningemsamehe, nani hasahau? Lakini kuniangalia nikizomewa miezi miwili, anapita mlangoni na kikombe chake, anajua! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilikuwa nauchukulia kama msemo tu. Nilitoka bila kuaga.

Jana mama akanipigia kutoka nyumbani. Ameshaambiwa upande mmoja. "Mwanangu, usimwage mtama penye kuku wengi. Huyo ndiye aliyesimamia mazishi ya baba yako." Nikamjibu kwa ukali, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama yangu. Yeye akasema kwa upole:

"Basi nisaidie na hili. Hii simu aliyonipa shemeji ilikuwa kila siku inaniuliza neno la siri, mie naifuta tu. Sasa tangu Alhamisi inaandika imezuiwa. Nimeharibu nini?"

Nilikaa chini, sakafuni. Kumbe moja ya zile simu nne ni ya mama yangu. Nikisema ukweli, mkurugenzi atataka simu zote zirudishwe, na mama atatajwa mbele ya ukoo mzima kuwa alipokea mali ya wizi. Nikinyamaza, naondoka mimi, na neno uzembe litanifuata kila nitakakoomba kazi.

Jumatatu saa tatu asubuhi mkurugenzi anaitaka ripoti. Nimeshaiandika yote, imebaki sehemu moja tu tupu, ile ya "Aliyesababisha". Nishaurini ndugu zangu, nyie mngejaza jina la nani?